Simu mkononi mwa mtoto: mambo ya kujua kwa wazazi na makanisa

Mashariki mwa Kongo, toka Bunia mpaka Kalemie, wazazi wenye uwezo wa kumnunulia mtoto wa miaka kumi simu yake mwenyewe ni wachache. Lakini mjini, watoto ambao hawajashika simu yenye intaneti ni wachache zaidi. Wanashika ya baba anaporudi kazini, ya mama anapokuwa jikoni, ya kaka mkubwa, ya jirani. Kwa hiyo mzazi anayesema, "Mtoto wangu hana simu, jambo hili halinihusu," anapaswa kuangalia tena.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya wazazi, walimu wa ECODIM, viongozi wa vijana, wazee wa kanisa na wachungaji wenzetu. Tunaeleza hatari zilizopo, njia zinakopitia, jinsi ya kukinga watoto nyumbani na kanisani, na la kufanya ikiwa ubaya umekwisha kutokea. Asiye na muda wa kusoma yote, tunamwomba asome angalau sehemu mbili za mwisho.

Kwa nini hatusemi tu "wanyang'anyeni simu"

Mara nyingi tunasikia kwamba simu ni chombo cha shetani na kwamba dawa ni kumnyang'anya mtoto. Sisi hatukubali shauri hilo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, simu ina faida ya kweli. Mwanafunzi asiye na kitabu anapata somo lake humo. Tena, tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari 2025, jamaa nyingi zimetawanyika: baba yuko Bujumbura, mama amebaki Bukavu, mtoto mkubwa yuko Kampala. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ndio unaowaunganisha. Kumkataza mtoto simu kabisa ni kumkataza pia sauti ya baba yake.

Ya pili, na ndiyo kubwa zaidi: mtoto aliyekatazwa kabisa haachi kutumia, bali anatumia kwa kujificha. Siku mtu mbaya atakapomtisha, mtoto huyo hataweza kusema, kwa maana kabla ya kusema ni lazima akiri kwamba alivunja amri ya nyumbani. Mtu mbaya anajua hivyo, na ukimya huo ndio anaoutegemea. UNICEF, ECPAT na INTERPOL walifanya uchunguzi katika nchi jirani za Kenya, Uganda na Tanzania, wakatangaza matokeo katika miaka ya 2021 na 2022. Ulionekana wazi ukimya huo: watoto wengi walioumizwa kwa njia ya intaneti hawakupeleka habari kwa polisi wala kwa namba ya msaada. Ilionekana pia kwamba mara nyingi aliyewaumiza alikuwa mtu waliyemjua tayari. Basi tusifikiri tu juu ya mgeni wa mbali mwenye jina la uongo. Tufikiri pia juu ya jirani, mjomba, mwalimu, na kiongozi wa kwaya.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayohusu ulinzi wa mtoto, inasema kwamba mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Haiangalii kama msichana amekwisha kukua kwa mwili, wala kama mvulana amekwisha kufanya kazi. Sheria hiyo inaadhibu kumdhulumu mtoto kwa njia ya zinaa, na inaadhibu kutengeneza, kusambaza, kuuza na hata kuwa na picha za uchafu zinazoonyesha mtoto. Inakataza pia uchumba na ndoa ya mtoto.

Tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ilipata pia Kodi ya mambo ya dijitali, ambayo inaadhibu usumbufu na vitisho kwa njia ya simu na intaneti, na picha za uchafu za watoto. Zaidi ya hayo, Kongo ilikubali Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989 juu ya haki za mtoto, na mwaka 2021 Kamati ya mapatano hayo ilieleza kwamba haki zote za mtoto zinamfuata hata ndani ya intaneti.

Tunataja sheria hizi kwa sababu watu wengi makanisani wanafikiri kwamba jambo la simu ni "mchezo wa vijana". Sheria inaliita kosa la jinai.

Hatari tano tunazoziona kwetu

1. Mtu mzima anayejifanya rafiki. Huyu haanzi na ubaya, anaanza na wema. Anamsalimia mtoto katika kundi la WhatsApp au chini ya video ya TikTok, anasifu sura yake au sauti yake ya kuimba. Kisha anamtumia zawadi ndogo: mega za intaneti, franka elfu tano kwa Airtel Money au M-Pesa. Halafu anamtoa katika kundi na kuzungumza naye peke yake. Hapo anaanza siri: "Usimwambie mama, hatatuelewa." Mwishoni anaomba picha, au anaomba wakutane. Katika hatua zote hizo, dalili iliyo wazi zaidi ni siri. Tumfundishe mtoto hivi: mtu mzima anayekuomba ufiche jambo kwa wazazi wako, huyo ndiye wa kutaja kwanza.

2. Picha ya uchi na vitisho. Msichana anamtumia mchumba picha moja, au mvulana anadanganywa na akaunti yenye uso wa msichana mzuri. Saa chache baadaye ujumbe unageuka: "Tuma pesa, au tuma nyingine, la sivyo nitaipeleka kwa wazazi wako na kwa kanisa lako." Wavulana pia wanakamatwa katika mtego huu, na wengi wanaombwa pesa. Siku hizi si lazima hata mtoto awe ametuma picha. Kuna programu zinazochukua uso wake kutoka katika picha ya kawaida na kuuweka juu ya mwili wa uchi. Picha ni ya uongo, lakini aibu anayoisikia mtoto ni ya kweli.

3. Picha za zinaa na za mauaji. Nyingi haziingii hata kwa intaneti. Zinaingia kwa kadi ya memori ambayo mtoto anapeleka kwenye kibanda ili awekewe nyimbo na filamu, akarudi na vitu ambavyo hakuomba. Katika siku za vita, picha za maiti na za watu wanaopigwa zinapita toka kundi hadi kundi, na watu wazima ndio wanaozituma. Mtoto wa miaka saba aliyeshika simu ya mama anazifungua kama anavyofungua nyingine yoyote. Halafu tunashangaa kwamba anakojoa kitandani na kulia usiku.

4. Uvumi na wito wa silaha. Video za nyimbo za vita, sifa za kushika bunduki na maneno ya chuki juu ya kabila lingine vinawafikia vijana wetu moja kwa moja. Kijana wa miaka 14 aliyeacha shule kwa sababu ya kukimbia vita, asiye na kazi wala mtu wa kuzungumza naye, ni mtu rahisi kushawishiwa. Kuweka watoto katika vikosi vya silaha ni kosa, upande wowote ule.

5. Udanganyifu wa pesa na wa burse. "Umechaguliwa kwenda kusoma Canada, tuma dola 20 za faili." "Tupe namba tuliyokutumia kwa SMS ili upate zawadi." Namba hiyo ya SMS mara nyingi ndiyo ufunguo wa akaunti ya WhatsApp ya mzazi. Anayeipata anaingia, halafu anawaomba pesa watu wote wa kanisa kwa jina la mzazi huyo.

Kuna dalili ambazo mzazi aweza kuziona: mtoto anageuza simu mtu anapokaribia, ana mega au pesa au nguo ambazo hakuna anayejua zilikotoka, anaamka usiku kuangalia ujumbe, anaacha kula, hataki tena kwenda shule wala kwaya. Dalili moja haithibitishi kitu, lakini inatosha kwa kuketi naye na kuuliza kwa upole.

Kinga ya nyumbani

Kwa umri. Mtoto mdogo sana hahitaji simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka miwili mpaka minne asipite saa moja kwa siku. Kwa mtoto wa miaka sita mpaka kumi na miwili, kanuni njema ni hii: anatumia pale mzazi anapoketi, hajifungii chumbani, wala haendi nyuma ya nyumba. Facebook, Instagram na TikTok zenyewe zinasema kwamba asiyetimiza miaka 13 asifungue akaunti, na WhatsApp inasema vivyo hivyo kwa kawaida. Mzazi anayemsaidia mtoto wa miaka tisa kudanganya umri wake anamfungulia mlango wa watu wazima. Kwa kijana wa miaka 13 mpaka 17, amri peke yake haitoshi tena. Yapasa mazungumzo ya mara kwa mara, na kueleza kila katazo.

Kwa simu inayotumiwa na wote. Hii ndiyo hali ya jamaa nyingi, hasa wale wanaoishi chumba kimoja au kwa wenyeji waliowakaribisha. Simu iwe na namba ya siri ya kuifungua, na namba ya Airtel Money, Orange Money au M-Pesa iwe tofauti na hiyo, mtoto asiijue. Mzazi afute picha na video asizotaka mtoto azione, na kwenye WhatsApp azuie picha kuingia zenyewe katika simu. Jambo hilo linalinda macho ya mtoto, na linapunguza matumizi ya mega. Mtoto anapotumwa kuchaji simu kwenye kibanda, simu iachwe imefungwa. Simu iliyoachwa wazi kwa saa tatu mikononi mwa mtu asiyejulikana imempa mtu huyo picha zote za nyumba.

Kwa mipangilio ya WhatsApp. Fungua Paramètres, halafu Confidentialité. Hapo fanya mambo matatu: chagua kwamba watu unaowajua tu ndio waweza kukuingiza katika kundi; chagua kwamba picha yako ionekane kwa unaowajua tu; na nyamazisha simu za namba zisizojulikana. Kisha katika sehemu ya Compte weka namba ya siri ya tarakimu sita, kusudi mtu asiweze kuhamisha akaunti yako hata akipata SMS. Mwishoni angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

Kwa programu nyingine. YouTube ina njia ya kuzuia video zisizofaa, na kuna YouTube Kids kwa wadogo. TikTok inaruhusu akaunti ya mzazi kuunganishwa na ya kijana. Kwa simu za Android, Google Family Link inamwezesha mzazi kukubali au kukataa programu na kuweka saa za kutumia, bila malipo. Zote zasaidia, lakini hakuna programu inayoona kila kitu, na hakuna inayoweza kuketi na mtoto badala ya mzazi.

Kwa kanuni za nyumba. Tunapendekeza tano, zisemwe mbele ya wote:

- Hatutumi picha ya mwili bila nguo kwa mtu yeyote, hata anayesema anatupenda, hata kama anaahidi kwamba itafutika yenyewe. Simu nyingine yaweza kuipiga picha.
- Hatuendi kukutana na mtu tuliyemjua kwa simu bila mzazi kujua na mtu mzima kutusindikiza.
- Hatumpi mtu namba ya siri, wala namba iliyokuja kwa SMS.
- Usiku simu hulala karibu na mzazi.
- Mtoto akileta habari mbaya, hapigwi.

Kanuni ya tano ni ya wazazi, nayo ndiyo inayozipa nyingine nguvu. Nyumba ambayo mtoto anajua atapigwa kwa kusema ukweli haina kinga, hata ikiwa na programu zote za Google.

Kanisa lenyewe lijiangalie

Makanisa yetu yanapenda kuonyesha kazi ya Mungu: ubatizo, kwaya ya watoto, ugawaji wa chakula kwa wakimbizi. Picha zinawekwa Facebook pamoja na jina la mtoto, jina la kanisa na mtaa. Kwa nia njema tumempa mtu asiyejulikana mambo yote anayohitaji ili amsalimie mtoto huyo kwa jina na kusema, "Mimi ni rafiki wa mchungaji wako."

Basi tuwe na utaratibu. Wazazi waombwe ruhusa kabla ya picha kutangazwa, na mtoto mwenyewe aulizwe. Picha za kikundi ni bora kuliko za uso mmoja, tena bila majina. Watoto wanaotoka majini wakiwa na nguo zilizoshikamana na mwili wasipigwe picha kwa kutangazwa. Mtoto aliyebakwa, aliyetoka katika kikosi cha silaha, au yatima anayelia, uso wake usionekane kamwe, hata katika ripoti kwa wafadhili. Mfadhili anayetaka kuona machozi ya mtoto kabla ya kutoa msaada aelezwe kwa upole kwamba tuna njia nyingine za kuonyesha kazi. Na mzazi akiomba picha iondolewe, iondolewe siku ile ile bila maswali.

Halafu kuna ujumbe. Kiongozi wa kwaya, mwalimu wa ECODIM au mchungaji asizungumze na mtoto peke yake kwa simu, na hasa usiku. Habari za mazoezi zipite katika kundi ambamo kuna watu wazima wawili au zaidi, na wazazi ndani yake. Zawadi za mega kwa mtoto mmoja mmoja zikatazwe. Kuna wanaosema kwamba kanuni hii inawashuku watumishi wa Mungu. Sisi tunaona kinyume chake: inamlinda mtoto, na inamlinda pia mtumishi mwaminifu asisingiziwe.

Ikiwa ubaya umekwisha kutokea

Fuateni mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, sikilizeni bila kupiga wala kupiga kelele. Maneno ya kumwambia mtoto ni machache: "Asante kwa kuniambia. Kosa ni la yule aliyekutendea. Hauko peke yako." Kama alituma picha mwenyewe, mafundisho juu ya jambo hilo yatakuwa na siku yake. Siku hii ni ya kumtoa katika moto.

Pili, ulizeni kama walikutana. Kama mtoto amebakwa, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zapasa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba yaweza kutolewa mpaka siku ya tano, lakini hiyo nayo kila saa inapunguza nguvu yake. Nguo alizovaa zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, zisifuliwe. Mpelekeni kwenye kituo cha afya kinachotoa huduma hiyo. Bukavu kuna hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege pamoja na kanisa la CEPAC. Goma kuna HEAL Africa. Msimngoje mchungaji arudi safari, wala kikao cha jamaa.

Tatu, msilipe. Mwenye kutisha akipata dola kumi leo, kesho ataomba hamsini. Malipo hayafuti picha. Yanamwonyesha tu kwamba nyumba hii ina pesa na hofu.

Nne, hifadhini ushahidi kabla ya kufuta. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha namba ya simu, jina la akaunti, tarehe na maneno ya vitisho. Andikeni pia namba ambayo pesa zilitakiwa kutumwa kwake. Lakini picha ya uchi ya mtoto msiinakili wala kuituma kwa mtu, hata kwa wazee wa kanisa ili "waone na kuhukumu". Kila anayeituma anamuumiza mtoto tena, naye mwenyewe anaingia katika kosa. Ikiwa imefika katika kundi lenu, msiambatanishe maneno wala kuuliza ni nani. Mjulisheni kiongozi wa kundi, aiondoe na aseme wazi kwamba isitumwe tena.

Tano, pelekeni ripoti kwa kampuni na mfunge akaunti ile. WhatsApp, Facebook na TikTok zina sehemu ya kuripoti ndani ya akaunti au ujumbe wenyewe. Kwa picha za uchi za mtu aliyekuwa hajatimiza miaka 18, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha NCMEC cha Marekani. Mtoto au mzazi aweza kuitumia toka Kongo bila kutaja jina. Picha haitoki katika simu: huduma inatengeneza alama ya tarakimu ya picha ile, na makampuni yaliyokubali yanatumia alama hiyo kuitafuta na kuizuia. Haiwezi kufika ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp, lakini inazuia mengi katika kurasa za wazi. Internet Watch Foundation ya Uingereza pia inapokea taarifa za picha za namna hii.

Sita, pelekeni habari kwa wenye mamlaka: polisi wanaoshughulika na watoto na jeuri ya kingono pale walipo, parke, mahakama ya watoto, au Divizioni ya Mambo ya Jamii. Tunajua kwamba katika miji na vijiji vingi vyetu ofisi hizo hazifanyi kazi kama zamani, au zimefungwa. Hapo nendeni kwenye hospitali na mashirika ya ulinzi wa watoto yanayojulikana kwenu, mpate cheti cha daktari, na mtunze ushahidi mahali salama kwa siku ambapo utahitajika.

Saba, msimwache mtoto peke yake. Aibu ya picha imewafanya watoto katika nchi nyingi wajiue. Kwa majuma ya kwanza alale karibu na mtu, dawa na vitu vya hatari viondolewe, na mtu mzima mmoja anayempenda awe wake wa kuzungumza naye. Akisema anataka kufa, mpelekeni kwa msaikolojia au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maombi yaende pamoja na matibabu, yasichukue mahali pake.

Juu ya "kumaliza jambo kati yetu"

Kuna desturi moja ambayo twapaswa kuitaja wazi. Mara nyingi, jambo linapojulikana, jamaa mbili zinakutana usiku. Mbuzi wanatolewa, au mahari inazungumzwa, na msichana wa miaka 15 anapewa yule aliyemharibu ili "heshima irudi". Kama mkosaji ni mtumishi wa kanisa, anahamishwa kwenda parokia nyingine, na huko anakuta watoto wengine.

Wanaotetea desturi hiyo wanataja Mathayo 18:15, mahali Bwana anapofundisha kumwendea ndugu aliyekosa na kuzungumza naye kwa faragha. Lakini sura ile haianzi hapo. Mstari wa 6 unazungumza juu ya anayemkosesha mmoja wa wadogo, na adhabu inayotajwa pale ni nzito sana. Mstari wa 15 unahusu ndugu na ndugu, watu wawili wawezao kusimama uso kwa uso. Mtoto na mtu mzima aliyemtisha si watu wawili wa namna hiyo. Kutumia maneno ya mapatano ili kufunika dhuluma ya mtoto ni kuisoma sura kuanzia katikati.

Kusamehe ni njia iliyo wazi kwa aliyeumizwa, kwa wakati wake, naye hashurutishwi. Lakini msamaha hauondoi kazi ya sheria, wala haumrudishii mkosaji ufunguo wa darasa la ECODIM. Kanisa likimsimamisha kazi mara moja wakati uchunguzi unaendelea, halijamhukumu. Limewalinda watoto, na limeacha hukumu kwa wenye kazi ya kuhukumu.

Mambo matatu ya kufanya mwezi huu

Kila kanisa laweza kuanza bila bajeti. Jumapili moja, baada ya ibada, wazazi wabaki kwa saa moja na simu zao mkononi, na vijana wanaozijua simu wawaonyeshe mipangilio tuliyoitaja. Wazee wa kanisa wamchague mama mmoja na baba mmoja wanaoaminika, wasio wa jamaa moja, ambao mtoto yeyote aweza kuwaendea, na majina yao yatangazwe mbele ya watoto wenyewe. Halafu viongozi waandike katika karatasi moja: kituo cha afya kilicho karibu chenye dawa za saa 72, namba ya simu inayofanya kazi ya polisi au ya shirika la ulinzi wa watoto, na jina la mtu wa kupeleka mtoto hata usiku. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kanisa, kwa Kiswahili na Kifaransa, na namba zake zipigwe kila baada ya miezi mitatu ili kuhakikisha kwamba bado zinajibu.